Tumcheke Nabii, Tusimcheke Mgonjwa

Wapenzi wa sinema za Kihindi, nao ni wengi katika pwani yetu yote, bila shaka wanaikumbuka sinema iitwayo PK iliyotolewa Desemba 2014. Ni mchezo wa kuchekesha, na kisa chake ni chepesi. Mgeni ashuka duniani kutoka sayari nyingine, na mara tu akanyagapo ardhi ya India aibiwa kifaa chake cha kuita chombo cha kumrudisha kwao. Kifaa hicho chaangukia mikononi mwa mtawa mashuhuri aitwaye Tapasvi, naye awaambia wafuasi wake kwamba amekabidhiwa na Mungu huko kwenye milima ya Himalaya. Hapo ndipo aingiapo binti mwandishi wa televisheni, Jaggu, aliyechoka kutumwa kuandika habari za mbwa, na ambaye baba yake mzazi ni mfuasi wa mtawa yuyo huyo. Mwandishi na mgeni washirikiana, na mwishowe mtawa aumbuliwa mbele ya kamera, nchi nzima ikitazama.

Kipo kipande kimoja katika sinema hiyo ambacho kinatosha peke yake. Yule mgeni aokota jiwe, aliweka chini ya mti, alipaka rangi nyekundu na kutupa sarafu chache mbele yake. Hakusema neno lolote. Muda si muda wanafunzi waliokuwa wakienda kwenye mtihani wafika, wapiga magoti, wainamisha vichwa na kuacha fedha. Biashara yote hiyo mtaji wake ni jiwe moja na hofu ya mtihani.

Huko India wako waliokasirika. Majumba kadhaa ya sinema yalivamiwa, na wengine wakaenda mahakamani kuomba sinema hiyo ipigwe marufuku, nayo mahakama ikakataa. Watu waliendelea kuitazama hata ikawa ndiyo sinema ya Kihindi iliyoingiza fedha nyingi kupita zote zilizotangulia.

Tunaitaja sinema hiyo kwa sababu mwaka ule ule, mwezi mmoja tu kabla yake, jambo kama hilo lilitokea hapa kwetu Afrika Mashariki, wala halikuwa sinema. Novemba 2014 waandishi wa televisheni ya KTN ya Kenya waliingia kwa siri katika kanisa la mhubiri wa Nairobi, Victor Kanyari, wakayatoa hadharani waliyoyaona. Waumini waliambiwa wapande mbegu ya shilingi 310, na mbegu hiyo ilipandwa kwa simu. Mgonjwa aliwekwa miguu katika beseni la maji ili aoshwe, na maji yakageuka kuwa mekundu kama damu, ikasemwa kwamba ni maradhi yanayotoka mwilini. Kumbe ndani ya maji mlikuwa na pamanganeti ya potasiamu, dawa ya chembechembe za zambarau inayouzwa dukani kwa bei ndogo. Walionyeshwa pia watu waliolipwa ili wasimame na kutoa ushuhuda wa kuponywa maradhi ambayo hawakuwa nayo.

Kenya nzima ilicheka. Namba 310 ikawa mzaha wa barabarani, ikawa mzaha wa ofisini, na kila mwenye deni aliambiwa apande mbegu. Lakini katika sinema ya Kihindi mtawa huanguka, taa zikawashwa, watu wakaenda nyumbani kwao. Katika Nairobi taa ziliwashwa, watu wakacheka hadi wakachoka, na mhubiri akabaki na mimbari yake na wafuasi wake.

Miaka tisa baadaye, Aprili 2023, Kenya ile ile ilianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi. Huyu alikuwa mhubiri mwingine kabisa, Paul Mackenzie, aliyekuwa dereva wa teksi kabla ya kufungua kanisa, naye alishtakiwa kwa kuwafundisha watu kwamba wakifunga mpaka kufa watakutana na Yesu. Zilitolewa ardhini maiti zaidi ya 400, na watoto wengi walikuwamo. Wala hakuwa mtu asiyejulikana. Alikwisha kukamatwa mwaka 2017 kwa mafundisho yake ya kuwazuia watoto wasiende shule. Na kabla ya hapo, 17 Machi 2000, huko Kanungu, Uganda, mamia ya wafuasi wa Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde walikuwa wamekwisha kuteketea kwa moto ndani ya nyumba yao ya ibada, milango ikiwa imefungwa. Hatusemi kwamba Kanyari ni Mackenzie. Twasema kwamba umma uliokwisha kuona kwa macho yake jinsi muujiza unavyotengenezwa katika beseni ungalipaswa kuwa mwepesi zaidi kuuliza maswali ulipoambiwa kwamba kuna watu wanahamia msituni.

Waliosoma katika shule za misheni watakumbuka kisa cha Danieli na sanamu iitwayo Beli. Mfalme wa Babeli aliamini kwamba sanamu ile ni mungu aliye hai kwa sababu kila usiku ilikula unga, kondoo na divai iliyowekewa. Danieli aliposikia hayo alicheka. Kisha akanyunyiza majivu sakafuni, mlango ukafungwa na kutiwa muhuri. Asubuhi zikaonekana nyayo za makuhani, za wake zao na za watoto wao, waliokuwa wakiingia usiku kwa mlango wa siri chini ya meza. Mfalme alipoziona nyayo aliwakamata. Katika kisa hicho yamo mambo matatu, yaani kicheko, majivu na mfalme. Nairobi ilikuwa na kicheko kingi sana, na waandishi walinyunyiza majivu vizuri kabisa. Aliyekosekana ni mfalme.

Sisi twaona kwamba umefika wakati wa kuwa na sinema yetu ya namna hii, iliyotungwa hapa, kwa Kiswahili, ya mwandishi wa habari anayeingia kwa siri katika kundi la nabii. Mbegu yake tunayo tangu zamani. Abunuwasi aliazima sufuria kwa jirani akairudisha na kijisufuria ndani yake, akasema imezaa, na jirani kwa tamaa akaamini. Alipoazima tena hakurudisha, akasema imekufa, na yule aliyekubali kwamba sufuria huzaa hakuwa na njia ya kukataa kwamba hufa. Huo ndio upelelezi wenyewe, kuingia ndani ya hesabu ya mjanja na kuifuata mpaka imwangukie. Ni kweli kwamba waganga nao wamepata sifa zao katika fasihi ya pwani, na uko utenzi mzima wa Swifa ya Nguvumali, uliotungwa na Hasani bin Ismail na kuchapwa mwaka 1968. Wamekwisha kusifiwa vya kutosha. Laiti marehemu Amri Athumani, yule King Majuto wa Tanga aliyefariki 8 Agosti 2018, angalikuwa hai, tungalimpa joho la nabii yeye, na tungalikuwa na hakika kwamba hata nabii wa kweli angalicheka.

Mahali pa kisa hicho pawe Salale, katika delta ya Rufiji, Wilaya ya Kibiti. Tunapachagua si kwa sababu watu wa Salale ni wajinga kuliko wa Dar es Salaam. Wenye magari makubwa ya Dar es Salaam ndio wateja wakubwa wa manabii, na jambo hilo halihitaji ushahidi wetu. Tunapachagua kwa sababu huko mtazamaji ataona waziwazi kile kinachompeleka mtu kwa nabii. Mto huko hugawanyika mara nyingi kabla ya kufika baharini, na kati ya matawi yake ipo mikoko inayofunika hekta zipatazo 53,000, mikubwa kuliko yote ya pwani ya Afrika Mashariki. Watu huvua kamba na samaki, hulima mpunga, na wakati wa ndege na ngiri hulala katika madungu ili kulinda mashamba. Safari hupangwa na maji kujaa na maji kupwa. Mama aliyeshikwa na uchungu usiku, maji yakiwa yamekupwa na mtumbwi umekaa juu ya tope, hawezi kuiamuru bahari irudi. Katika saa hizo, aliye karibu ndiye daktari. Na mwaka 2024, mafuriko ya Aprili yalipofunika mashamba ya Rufiji na Kibiti, mtu aliyepoteza mpunga wake wote hakuhitaji kuwa mpumbavu ili amsikilize yule aliyemwambia kwamba anajua ni nani aliyeyaleta maji hayo.

Kwa hiyo sinema hiyo ikimcheka mama huyo itakuwa sinema mbaya, hata watu wakivunjika mbavu. Tunaogopa sana jambo hilo, maana mizaha mingi iliyopo huanza na kuishia hapo. Mshamba mwenye kanzu iliyochanika, mdomo wazi, anatoa kuku wake. Mwenye kuchukua kuku yule huonyeshwa kama mjanja wa kupendeza, naye hutoka salama. Na tumewasikia wafanyakazi wenzetu wakirudia mizaha hiyo mezani wakati wa chakula, ilhali mifukoni wana chupa za mafuta waliyoyanunua Jumapili.

Wako watakaotuuliza, je, na Kinjikitile? Swali hilo ni la haki, kwa maana Ngarambe haiko mbali na huko, na ilikuwa mwaka 1904 na 1905 ambapo watu walifunga safari kwenda kwake kutafuta maji ya kugeuza risasi za Wajerumani. Maji hayo hayakuzuia risasi. Hata hivyo hatuwezi kumcheka, wala hatutaki sinema yo yote imcheke. Waliokwenda Ngarambe walikuwa wamelimishwa pamba kwa nguvu katika mashamba ya akida, kwa ujira usiotosha hata chumvi, na kiboko juu yake. Neno alilowapa lilikuwa kwamba wote ni wamoja, Wamatumbi, Wangindo na Warufiji. Wajerumani walimnyonga Mohoro 4 Agosti 1905, siku chache tu baada ya vita kuanza. Aliwaahidi watu jambo ambalo halikuwa kweli, na yeye akalilipia kwa shingo yake kabla yao. Manabii tunaowasema sisi hulipiwa, wala hawalipi. Mtunzi atakayeshindwa kuona tofauti hiyo heri asiandike.

Tofauti nyingine ni ya mwaka 2011, katika kijiji cha Samunge, Loliondo, alikokuwa marehemu mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila, aliyefariki Julai 2021. Kikombe chake kiliuzwa shilingi 500, na hatumwiti mwizi mtu aliyetoza shilingi 500. Lakini foleni ya magari ilikuwa ya kilomita nyingi, wagonjwa walitolewa vitandani hospitalini wakapelekwa huko, na wako waliofia njiani. Hakuna utafiti uliothibitisha kwamba kikombe kile kiliponya UKIMWI wala kisukari. Waliopata fedha za kweli ni wenye magari. Magazeti mengi yaliandika kila siku urefu wa foleni na majina ya wakubwa waliokunywa, na ni machache yaliyokaa chini na kalamu kupiga hesabu ya nauli, au kurudi baada ya miezi sita kuuliza ni nani bado yu hai. Habari ya aina ile huandikwa na mtu aliyesimama nje ya ua. Anahesabu vichwa vya watu, kisha anarudi mjini.

Hapa tuitazame Salale yenyewe, kwa sababu inayo fundisho juu ya jambo hili ambalo wenyeji wengi wanalijua. Mwaka 1914 manowari ya Wajerumani, Königsberg, ilijificha ndani ya delta. Waingereza waliitafuta pwani nzima wasiione, kwa maana mikoko ilikuwa mirefu na matawi ya mto ni mengi. Siri ilifichuka kwa karatasi. Katika meli moja ya Kijerumani iliyokamatwa Lindi zilipatikana hati zilizoonyesha kwamba makaa ya mawe yalipelekwa Salale. Manowari haiwezi kwenda bila makaa, na makaa hayawezi kusafiri bila karatasi. Walipojua makaa yanakwenda wapi walijua meli iko wapi, na Julai 1915 ikazamishwa humo humo mtoni.

Basi mwandishi wetu wa katika sinema asipoteze dakika nyingi akitazama ngoma na mapepo. Ayatafute makaa. Nani ananunua pamanganeti, kwa risiti gani, katika duka lipi? Namba ya simu inayopokea mbegu imeandikishwa kwa jina la nani? Chupa ya mafuta inajazwa wapi, na ndani yake ni mafuta ya nini? Mambo hayo yanaweza kuchekesha kuliko yote. Tunamwona kwa macho yetu nabii aliyefukuza pepo saba asubuhi, jioni akibishana na mke wake juu ya bei ya jumla ya chupa tupu.

Lakini yako mambo mawili ambayo mtunzi wa sinema hana budi kuyajua kabla ya kuanza kuchekesha, nayo yote mawili yametokea katika nchi yetu.

La kwanza ni la mwaka 2008. Vicky Ntetema, wakati huo akiwa mkuu wa ofisi ya BBC Dar es Salaam, alijifanya mfanyabiashara anayetafuta utajiri, akaenda kwa waganga kanda ya Ziwa. Ilikuwa katika siku zile watu wenye ualbino walipokuwa wakiuawa na viungo vyao kuuzwa. Alikaa mbele ya watu walio tayari kumpatia dawa iliyochanganywa na viungo vya binadamu, wakamtajia na bei, iliyoanzia dola 2,000. Habari ile ilipotangazwa dunia ilishtuka, na mwandishi mwenyewe akalazimika kujificha kwa sababu ya vitisho. Alipewa tuzo ya ushujaa wa uandishi mwaka 2010. Katika PK binti Jaggu anamaliza kazi yake na kuandika kitabu. Vicky Ntetema alimaliza kazi yake akatafuta mahali pa kulala.

La pili ni la Kibiti penyewe, na tunaliandika tukijua uzito wake. Katika miaka ya 2015 hadi 2017 viongozi wa vijiji na askari polisi waliuawa katika Kibiti, Rufiji na Mkuranga. Hayo hayakuwa mambo ya manabii wa mafuta, wala hatuyachanganyi. Lakini yuko kijana aliyekuwa akiyaandika kutoka huko huko, Azory Gwanda, mwandishi wa kujitegemea aliyekuwa akiyaandikia magazeti ya Mwananchi. Tarehe 21 Novemba 2017 alitoweka. Hajarudi. Mtu ye yote atakayekwenda Kibiti na kamera kutengeneza mchezo wa kuchekesha juu ya mwandishi anayeingia mahali pa hatari, na ajue kwamba watazamaji wake wa kwanza watalikumbuka jina hilo kabla hajafungua mdomo. Wala asilikwepe.

Ndiyo maana tunasema kwamba sinema peke yake haitoshi. Sheria zipo. Sheria ya Uchawi ipo tangu 1928, sheria ya tiba asili na tiba mbadala ilitungwa mwaka 2002 ikaweka Baraza la kusajili waganga, na mwaka 2015 ikatungwa sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Mganga wa kweli wa mitishamba anayejua jani lake na kipimo chake hana cha kuogopa katika sheria hizo, na wazee wa namna hiyo wapo Rufiji, tena tunawaheshimu. Swali letu ni jepesi. Mwandishi anapoleta mezani jina, namba ya simu na risiti, ni ofisi gani inayopokea karatasi hizo, na inachukua siku ngapi kujibu? Tarehe 1 Februari 2020, katika uwanja wa Majengo, Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Milango ya uwanja ule ilikuwa mingapi iliyofunguliwa? Maswali ya namna hii hayahitaji muujiza. Yanahitaji karani mwenye daftari na mkubwa wa ofisi asiyeogopa waumini wala kura zao.

Na ninyi wafanyakazi, ndugu zetu, mna kazi yenu ambayo hakuna mwandishi awezaye kuifanya badala yenu. Mwandishi aliyejificha huona jambo kwa siku tatu. Ninyi mnakaa humo mwaka mzima. Yule aliyelipwa ili atoe ushuhuda wa kupona ni jirani wa mtu. Fundi aliyeweka vipaza sauti ndani ya pango ni mwanachama wa chama cha mtu. Msichana anayepokea fedha za mbegu anakwenda kazini kwa basi lile lile mnalopanda. Watu hawa wakisema, basi nusu ya sinema imekwisha kuandikwa.

Kwa watengenezaji tuna ombi dogo la mwisho. Sinema hiyo ikiwa tayari isifunguliwe kwanza Dar es Salaam katika ukumbi wenye viti vya kulalia. Ipakiwe Nyamisati wakati maji yamejaa, itundikwe shuka jeupe Salale, na wavuvi wakae mbele. Wao ndio watakaowaambieni kama joho la nabii limekaa sawasawa, na kama mwandishi wenu anajua kupanda mtumbwi. Kiingilio kikitozwa kiandikwe daftarini, na daftari liachwe wazi mezani.